Kuacha Miraa: Siku Kumi za Mwanzo na Haki ya Ndugu Yako

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, suala la miraa limezungumzwa sana katika darsa zetu, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye swali moja: ni halali au ni haramu? Somo la leo linaanzia pale swali hilo linapoishia. Tuseme kijana amesikia hotuba, amekubali, ametia nia. Jumatatu anaacha. Jumanne hawezi kuamka. Kichwa kizito, moyo umeingia giza, sauti ya mtu yeyote inamkera. Ifikapo Ijumaa amerudi kibandani, na sisi tunasema imani yake ni ndogo. Lakini ni nani kati yetu aliyemwambia mapema kwamba siku hizo zinakuja, zinafananaje, na zinaisha lini?

Mimi nasomea utabibu, na kwetu ni Busia. Nimeandika somo hili kwa sababu nimeona kwamba wengi wanaorudi kwenye miraa hawarudi kwa kuipenda. Wanarudi kwa kudhani kwamba ile hali mbaya ya wiki ya kwanza ndiyo maisha yao mapya. Akijua kwamba ni hali ya mwili, ina mwanzo na ina mwisho, na akawa na watu wa kumshika mkono, wengi huvuka.

1. Mpaka wetu na majani yake

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Neno "bodaboda" lilizaliwa hapa, enzi za vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi kingine. Leo anayevuka zaidi ni lori. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na karatasi sasa zinakwenda haraka kuliko zamani, ila msongamano wa malori haujaisha, si Busia wala Malaba. Ukiingia Uganda kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, Tororo haiko mbali, mji ulio chini ya lile jiwe kubwa linaloonekana toka mbali.

Dereva aliyetoka Mombasa, utingo wake, kijana wa bodaboda wa usiku, mlinzi wa yadi, na mwanafunzi anayesomea mtihani, wote wana haja moja: kukesha. Miraa ya Meru huwafikia, muguka wa Embu huwafikia, na upande wa Uganda yako mairungi, ambayo mengi hutoka Butambala. Majina ni tofauti, mmea ni ule ule.

Sheria nazo hazitulii. Kenya iliitambua miraa kuwa zao la biashara mwaka 2016. Uganda iliipiga marufuku kwa sheria ya 2015, kisha Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria hiyo kwa sababu Bunge halikuwa na akidi lilipoipitisha, na mwaka huohuo Bunge likapitisha mswada mwingine. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilitangaza kuupiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na mahakama ikaingilia kati. Tunayataja haya ili msomaji aone jambo moja: anayesubiri serikali imwachishe atasubiri sana. Mwili hausomi gazeti la serikali, na wala haujui kwamba umevuka mpaka.

Wala si wachache. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulionyesha kwamba kiasi cha Mkenya 1 katika kila 28 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia miraa. Katika safu moja ya sala ya Ijumaa, hesabu mwenyewe.

2. Majani hufanya nini mwilini

Ndani ya jani bichi kuna kemikali iitwayo kathinoni. Inafanana kwa umbile na amfetamini, na imewekwa kwenye orodha kali zaidi ya mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, ingawa mmea wenyewe haumo katika orodha hiyo. Kathinoni huharibika haraka baada ya jani kuchumwa. Ndani ya siku mbili hivi sehemu kubwa inageuka kuwa kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Ndiyo maana mafungu hufungwa kwa majani ya mgomba yasikauke, na ndiyo maana magari ya miraa hukimbizwa barabarani kama gari la wagonjwa.

Kathinoni ikifika kwenye ubongo huzisukuma seli zimwage dopamini na noradrenalini, kemikali zinazoleta raha, hima na umakini. Moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, njaa inakatika, usingizi unakimbia, maneno yanamiminika. Hiyo ndiyo hali wenyewe wanayoiita handasi.

Elewa hapa, kwani somo zima limesimama juu ya jambo hili. Miraa haikupi nguvu kutoka nje. Inakopa nguvu yako ya kesho na kuitumia leo. Mtu akichana kila siku kwa miezi au miaka, ubongo hujipanga upya kwa kutegemea msukumo huo. Msukumo ukiondolewa, deni linadaiwa lote kwa pamoja: usingizi uliofukuzwa, chakula kilichokataliwa, furaha iliyotumiwa kabla ya siku yake. Hali hii vijana wa Pwani huiita arosto. Kwa anayetumia miraa peke yake huwa nyepesi kuliko ya kokeini au amfetamini zenyewe, lakini nyepesi haina maana ya kwamba haipo.

3. Siku kwa siku

Watu hawafanani, ila mwendo wa jumla unajulikana.

*Siku ya 1 hadi ya 3: mporomoko.* Usingizi mzito usiokatika, uchovu, njaa kubwa, mwili kama umejazwa mchanga. Wengine mikono hutetemeka kidogo. Kichwa kinaweza kuuma sana, na hapa tuwe makini: wengi huchana huku wakinywa kahawa, soda ya kola au vinywaji vya kuongeza nguvu, kisha wanaacha vyote siku moja. Maumivu hayo ya kichwa mara nyingi ni ya kafeini. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho na huweza kuendelea kwa siku kadhaa. Aache miraa kwanza, chai na kahawa azipunguze polepole baadaye.

*Siku ya 4 hadi ya 10: bonde.* Usingizi sasa unavurugika. Ndoto za kutisha huja, na ni kali kiasi kwamba mtu anaamka akipiga kelele. Hasira za karibu. Huzuni. Hakuna kinachompendeza, si mpira, si chakula, si marafiki, na hata akisoma Qur'ani hahisi kitu. Hili la mwisho humuumiza sana mtu wa dini, kwani anadhani moyo wake umepigwa muhuri. Mwambie wazi: hii ni dopamini iliyopungua, nayo itarudi.

*Wiki ya pili na kuendelea: mawimbi.* Mwili unatulia, ila hamu inakuja na kuondoka. Huamshwa na saa fulani (mara nyingi baada ya Alasiri), mahali fulani, mtu fulani, hata chingamu iliyozoewa kutafunwa pamoja na majani. Wimbi la hamu halikai; likipewa nusu saa bila kulishwa, kwa kawaida hupungua lenyewe.

Katika mafunzo yangu ya vitendo nilimwona utingo mmoja aliyeletwa na kaka yake. Alikuwa amechana karibu kila siku tangu aanze kupanda lori, kisha akaacha ghafla baada ya mama yao kufariki. Amelala siku mbili mfululizo, siku ya tano akaanza kupiga kelele usiku. Nyumbani walikwisha kukubaliana kwamba ni jini, wameanza kuchangishana pesa za mganga. Tabibu aliyekuwa zamu hakucheka wala hakubishana. Aliuliza maswali matatu: alikuwa akitumia nini, aliacha lini, na je, anatumia kingine chochote. Kisha akamweleza kaka, siku kwa siku, yale niliyoyaandika hapo juu. Sitausahau uso wa yule kaka. Alikuwa amekuja akiogopa kumpoteza ndugu yake, akaambiwa kwamba bado wiki moja hivi na hali italegea, na kazi yake ni kupika uji na kukaa karibu.

Kisomo cha ruqya hakigombani na uji. Msomee ndugu yako, na umpe maji anywe.

4. Tiba ni nini, basi?

Wanafunzi wenzangu wengi hutarajia jina la kidonge. Hakuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya afya vya kawaida, uitwao mhGAP, unaeleza kwamba kuacha vichangamshi kufanyike katika mazingira ya utulivu na msaada, kwamba hakuna dawa mahsusi inayopendekezwa kwa arosto yake, na kwamba dalili moja moja zinaweza kutulizwa huku mtu akiangaliwa kwa karibu asije akazama kwenye sonona au kuchanganyikiwa. Kumpa mraibu kichangamshi kingine badala ya alichoacha, mwongozo huo unakataza.

Kwa hiyo tiba ni mambo ya kawaida yaliyopangwa vizuri:

*Kuchagua siku.* Tafuta siku kumi zisizo na mtihani wala safari. Anayetumia miraa pekee anaweza kusimama siku moja bila hatari ya kifafa. Akishindwa, apunguze kwa mpango: kwanza asichane baada ya Alasiri ili usingizi urudi, kisha apunguze siku za wiki, na tarehe ya kukoma ijulikane.

*Kutoendesha chombo.* Dereva au mwendesha bodaboda aliye kwenye siku tatu za mwanzo anaweza kusinzia akiwa kwenye usukani. Barabara ya Malaba haimsamehe anayesinzia. Apumzike, na kama familia inategemea mkate wa kila siku, hapo ndipo sadaka yetu inapohitajika.

*Usingizi.* Siku za mporomoko mwache alale, umwamshe kwa sala, chakula na maji. Kuanzia siku ya nne, aamke saa ile ile kila asubuhi na asilale mchana kutwa, ili usiku upate haki yake.

*Chakula na maji.* Miraa hukata njaa na kufunga choo, kwa hiyo wengi huacha wakiwa wamekonda. Uji, maharage, mayai, omena, mboga, ndizi, matunda. Mara tatu kwa siku hata kama kidogo.

*Mwendo.* Kutembea nusu saa asubuhi, kucheza mpira jioni. Mazoezi huinua moyo na kulegeza usingizi.

*Kuziba milango.* Namba ya muuzaji ifutwe kwenye simu. Njia ya kibandani ibadilishwe. Ile saa ya baada ya Alasiri iwe na kazi na mtu wa kukaa naye.

*Ushauri nasaha.* Mshauri humsaidia mtu kutaja sababu zake mwenyewe za kuacha, kutambua kinachoamsha hamu, na kufanya mazoezi ya kukataa. Njia nyingine iliyothibitishwa zaidi kwa watumiaji wa kokeini na amfetamini ni kumtunza mtu kwa kila hatua: wiki safi, zawadi ndogo. Hatuhitaji hospitali kubwa kufanya jambo kama hilo. Chakula cha mchana kila Ijumaa kwa ndugu aliyemaliza wiki, kikilipiwa na jumuiya, ni mwanzo mzuri.

5. Vidonge visivyofaa

Hapa nasisitiza. Kuna mazoea mpakani ya kuchana usiku kisha kutafuta kitu cha "kukata handasi": pombe, bangi, au vidonge vya usingizi kama diazepam vinavyouzwa bila cheti. Mtu akiacha miraa huku akiendelea na vidonge hivyo, amehama nyumba tu, hajatoka mtaani.

Tena kuna hatari kubwa zaidi. Anayekunywa pombe kila siku, au anayemeza diazepam kila siku, asiache hivyo ghafla nyumbani. Kuacha ghafla pombe au dawa hizo kunaweza kuleta kifafa, kuweweseka, hata kifo. Ndiyo sababu yule tabibu aliuliza swali la tatu. Ndugu yako akikuficha hapa, anaweza kufa kwa aibu. Muulize kwa upole, peke yenu, na ukijibiwa "ndiyo", mpeleke kwa daktari kabla ya siku ya kuacha.

6. Saa ya kwenda hospitali

Usisubiri asubuhi ukiona mojawapo ya haya:

- Anasema afadhali afe, au anaaga watu, au anagawa vitu vyake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake, na vitu vya hatari viondolewe.
- Anasikia sauti au anaona watu wasiokuwepo, au anaamini watu wanamfuata kumdhuru.
- Kifua kinambana, moyo unamwenda mbio bila kupoa, au mwili umelegea upande mmoja.
- Amepata degedege.
- Hali wala hanywi kwa siku nzima.
- Huzuni haijapungua baada ya wiki mbili. Hapo huenda kuna sonona yenyewe, ambayo ina tiba yake.

Upande wa Kenya anzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia au kituo cha afya kilicho karibu. Simu ya bure ya NACADA ni 1192. Upande wa Uganda anzia hospitali ya Tororo, na ikibidi utaelekezwa hospitali ya rufaa Mbale, au Butabika iliyoko Kampala yenye kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Mtabibu akikuuliza unatumia nini, anatafuta njia ya kukutibu. Mwambie ukweli.

7. Ibada katika siku hizo

*Kuhusu hukumu.* Imamu Ibn Hajar al-Haytami aliandika risala nzima juu ya qat katika karne ya 16. Alizipima hoja za pande zote mbili, hakukata moja kwa moja kwamba ni haramu, lakini aliwaonya watu waiepuke. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha wakiangalia madhara yake kwa mwili, mali, wakati na sala. Wameegemea aya zinazotukataza kujitia katika maangamizi (al-Baqara 195) na kujiua (an-Nisaa 29), kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, na hadithi ya Ummu Salama katika Abu Dawud inayokataza kila kinacholevya na kinacholegeza. Muulize sheikh wako akufafanulie. Ila kumbuka kwamba aliyetia nia ya kuacha hana haja tena ya kushawishiwa. Hukumu ameshaijua, sasa anataka kushikwa mkono.

*Kuhusu sala.* Siku za mporomoko anaweza kupitiwa na Alfajiri bila kukusudia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyelala akapitwa na sala aisali anapoamka. Basi asikate tamaa akasema "sala nimeshapoteza, wacha nirudi tu." Wenzake wana wajibu wa kumwamsha, kwa jina lake, kwa upole, na kama hapana budi kwa maji kidogo usoni. Sala tano ni msaada wa tiba pia: zinaigawa siku iliyokosa umbo.

*Kuhusu saumu.* Wapo wanaochana kuanzia Tarawehe hadi daku, mchana wakalala. Hawa wamefunga mdomo, na deni la mwili linaongezeka kila usiku. Ramadhani ni nafasi nzuri ya kuacha kwa kuwa vibanda havina watu mchana na misikiti imejaa usiku. Lakini ni bora zaidi kuacha siku kumi kabla, katika Shaabani, ili bonde lipite kabla ya mwezi kuandama. Aliyeugua kweli katika kuacha, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine (al-Baqara 184 na 185). Ushauri wa daktari na sheikh uende pamoja.

*Kuhusu hatua kwa hatua.* Tunajua namna ulevi ulivyoharamishwa: kwanza kuelezwa kwamba madhara yake yanazidi manufaa, kisha kukatazwa kuikaribia sala katika ulevi, kisha katazo kamili katika Suratul Maida. Haturuhusiwi kuifanya historia hiyo kisingizio cha kuchelewa leo. Tunachojifunza ni kwamba Mola aliyeumba nafsi alijua ugumu wa kuivua mazoea yake, nasi tusijifanye wakali kuliko sheria yenyewe.

8. Kazi ya jumuiya yetu

Katika Sahihi Bukhari kuna kisa cha swahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa pombe. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu yake alipata, lakini hakutolewa katika udugu. Kipimo chetu ni hicho.

Napendekeza kila tawi lifanye mambo manne. Kwanza, wachaguliwe ndugu wawili na dada wawili waaminifu ambao mtu anaweza kuwaendea bila habari kufika kwenye kundi la WhatsApp. Dada zetu wanaotumia muguka wapo. Wanajificha zaidi kwa kuogopa aibu, na wanapata msaada kidogo zaidi. Pili, anayeacha apangiwe mtu wa kulala naye chumba kimoja au nyumba moja kwa siku kumi, kaka kwa kaka na dada kwa dada. Tatu, mfuko mdogo wa chakula na nauli ya hospitali. Nne, wiki za mtihani zipangwe mapema: makundi ya kusoma yaanze mwezi mmoja kabla, kwa sababu mwanafunzi asiyelazimika kukesha hana sababu ya kununua cha kumkeshesha.

Akianguka akarudi, msimhesabie tangu mwanzo kana kwamba siku zake zote zimefutika. Aliyekaa wiki tatu amejua kwamba wiki tatu zinawezekana. Kaeni naye, mtafute ni wimbi gani lililomchukua, mpange tena.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini aliyeacha miraa hulala sana, kisha hukosa usingizi.
2. Kwa nini ni lazima kumuuliza anayetaka kuacha kama anatumia pombe au vidonge vya usingizi?
3. Ndugu anasema siku ya sita, "Nasoma Qur'ani sihisi chochote, Mungu amenikataa." Utamjibu nini?
4. Tajeni dalili tatu ambazo mkiziona mtaondoka kwenda hospitali usiku huohuo. Nani ana gari, na namba yake ni ipi?
5. Katika chuo chenu, saa ya hamu ni ipi, na jumuiya ina shughuli gani katika saa hiyo?

Swali la nne lijibiwe kwa jina na namba kabla ya darsa kufungwa.

Tunamwomba Allah awape subira walioanza, awarejeshe kwa upole walioanguka, na atujaalie kuwa sababu ya faraja kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.